Siku Mashini Iliposema "Conflit Kibua"

Asubuhi moja nilitoka Sake na mkoba wenye bisibisi tatu, chaja mbili na suruali moja ya kubadilisha, bila kujua ninaenda wapi. Msiige, wadogo zangu, au igeni, mimi sina haki ya kuwakataza. Upande mmoja barabara ilirudi Mubambiro na Goma, ambako nilikwisha kujua kila kibanda cha kutengeneza simu. Upande mwingine ilipanda milima kwenda Masisi, ambako sikujua mtu hata mmoja. Lori la chumvi na sabuni lilikuwa limekwama kwenye tope na watu wanalisukuma. Nikatupa mkoba juu, nikasukuma nao. Lilipochomoka nikapanda pamoja na wengine, na mwenye lori, mfanyabiashara wa Butembo aitwaye Papa Kambale, akanitazama.

"Na weye uko unaenda wapi?"

"Sijue, Papa."

"Hiyo Sijue iko mbele ya Masisi ao nyuma?"

"Mbele kidogo."

Akaniambia nikae juu ya sabuni, si juu ya chumvi, maana chumvi watu wanakula.

Ndivyo nilivyoingia katika kazi iliyonishika miaka mingi kuliko kitu kingine chochote maishani, mimi niliyeacha shule kabla sauti haijavunjika. Nilijenga tovuti. Wengi wenu mnazijenga leo mkiwa mmeketi kwenye kiti kizuri. Sisi tulizijenga wakati wa vita, Masisi na Walikale, na bado nikikumbuka siku ukurasa wangu wa kwanza ulipofunguka kwenye simu ya mtu nisiyemjua, mikono inaniwasha.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Deo wa Masisi. Shule yake ilikuwa imefungwa, akabaki na kompyuta yenye herufi mbili zilizong'oka, betri ya pikipiki na kipande cha paneli ya jua. Niliitwa kutengeneza chaja. Nilipomaliza nikaona kwenye kioo maandishi yaliyopangwa kwa safu, nikauliza ni nini. Siku zote nauliza. Akaniambia ni kurasa za barabara: kila mahali na ukurasa wake, daraja likoje, tope likoje, nani kasema na lini. Dereva anafungua kwenye simu palipo na réseau, yaani mtandao, halafu anaendelea na safari akiwa nao ndani ya simu.

"Kuko tovuti iko kama bugali," akasema. "Mugeni akifika, unawasha moto, unasonga. Wageni wengi wakifika pamoja, moto inakushinda. Yetu iko kama kwanga. Tunaipika hapa, tunaifunga mu majani, kila muntu anabeba yake. Akitaka kula, anafungua tu."

Sijasikia maelezo bora ya tovuti tuli tangu siku hiyo, na nimesikia mengi kutoka kwa watu wenye vyeti. Unaandika maandishi ya kawaida, programu inayapika yawe kurasa, basi. Hakuna kitu kinachofikiri kule mbali wakati msomaji anangoja. Ndiyo maana kurasa zetu zilifunguka hata kwenye simu zilizofungwa kwa mpira.

Lakini kilichonifanya nisilale vizuri kwa furaha ni kile kitu cha pili. Deo aliniambia kazi yote iko "mu depo". Kwetu depo ni mahali pa kuuzia bia kwa kreti. Nikauliza depo ya nani, na kama wanafungua asubuhi. Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe ni mahali pa pamoja panapotunza kila mstari tuliowahi kuandika. Kila mmoja ana nakala nzima kwenye mashini yake. Ukibadilisha neno, programu inaandika jina lako, saa, na sababu uliyotoa. Kwanza unavuta mabadiliko ya wenzako, kisha unasukuma yako. Kuvuta na kusukuma nilivielewa papo hapo. Tope la Sake lilikuwa bado limekauka kwenye viatu.

Sababu, hapo ndipo nilipoteseka. Wiki ya kwanza nilikuwa naandika "kazi". Kila mara "kazi". Deo akaniita.

"Kazi gani?"

"Ya daraja."

"Daraja gani?"

"Ile ya jana."

"Muntu atakayesoma hii mwaka ujao, jana yake iko ingine."

Tangu hapo naandika sababu kama mtu anayemwachia jirani ufunguo: aukute hata mimi nisipokuwepo.

Tulikuwa watatu. Wa tatu ni Furaha, dada aliyekimbia kutoka Kibua, upande wa Walikale, na aliyekuwa akiishi katika kambi ya Lushebere, karibu na Masisi. Yeye alimaliza sekondari, na alikuwa na kompyuta ndogo aliyoachiwa na kaka yake. Wakati mmoja mashini ilikataa kupokea kazi yangu, nikasoma mahali kuwa kuna amri ya kusukuma kwa nguvu. Nikaitumia. Ikapita. Nilifurahi kama mtu aliyetoa lori shimoni, mpaka Furaha alipokuja mchana, jasho usoni.

"Kaka, uliniua."

"Sikukuua. Nilisukuma tu."

"Ulisukuma kazi yangu ya juma nzima mu shimo."

Basi akaketi, akachukua nakala yake, akairudisha yote kabla chai haijapoa. Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama kurasa zikifufuka. Nilitaka kupiga makofi. "Usipige makofi," akasema, "omba musamaha."

Na siku tulipokimbia Masisi, Deo aliificha kompyuta darini. Tuliporudi haikuwepo. Akaketi kwenye ngazi ya mlango. Furaha akatoa kadi ndogo kwenye simu yake, akaiweka kwenye mashini aliyokimbia nayo, na alasiri hiyohiyo kila ukurasa ulikuwa hewani, pamoja na makosa yangu yote na majina yetu yote. Deo akasoma mistari yake ya mwanzo kabisa, ya kabla hajatufahamu, akawa anatikisa kichwa. Jueni hilo: nakala moja ni bahati nasibu. Kazi iliyo kwa watu watatu wanaokimbilia pande tatu haipotei.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa.

Ilikuwa mwanzo wa mvua za mwezi wa tisa. Upande wa Kibua palikuwa pametulia kwa miezi, na familia kumi na mbili za kambini ziliamua kurudi kupanda maharage. Furaha alikuwa mmoja wao. Mama yake, Mama Nyota, hakuwahi kuondoka kule. Alikuwa amelima shamba na kutunza mbegu. Wakikosa wiki hizo za kupanda, ingekuwa msimu mwingine tena kambini, wa tatu, na Furaha aliniambia wazi kwamba huo wa tatu hauwezi. Papa Kambale alikubali kuwabeba kwa lori lake, maana alikuwa akienda kule kuchukua mafuta ya mawese. Asubuhi hiyo Lushebere ilikuwa imejaa magodoro, masufuria na kuku waliofungwa miguu.

Kabla ya kupakia, Furaha alipigiwa simu na mama yake aliyepanda mlimani kutafuta réseau: daraja limetengenezwa, lori linapita. Akaandika hivyo kwenye ukurasa wa Kibua, akasukuma. Saa hiyohiyo mimi niko sokoni Masisi na kompyuta mpya ya Deo magotini. Mwendesha pikipiki mmoja ananiambia daraja la Kibua limevunjika. Sikumuuliza alipita lini. Nikabadilisha mstari uleule. Nikasukuma, mashini ikakataa. Nikavuta, na kwa kuwa Deo alipenda kila kitu kwa Kifaransa, ikaniandikia: CONFLIT, na mbele yake jina la faili, kibua.

Ninyi mnajua maana yake. Watu wawili wamegusa mstari mmoja, na mashini haitaki kuchagua. Inaweka maneno yote mawili, moja juu, jingine chini, halafu inangoja binadamu. Ni adabu nzuri sana, nawaambia, mashini inayokubali kwamba haijui. Dawa yake ni kumpigia mwenzako na kumuuliza: wewe ulisikia nini, kwa nani, lini? Nilimpigia Furaha. Alikuwa juu ya lori anafunga kamba, hakusikia. Nikaogopa Deo naye asije akasukuma kitu akachanganya zaidi. Nikatuma ujumbe kwa simu zote za orodha yetu ya kazi:

CONFLIT KIBUA. Musisukume kitu mbele sijatengeneza.

Kile nilichosahau ni kwamba juma lililopita, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, niliwaongeza madereva na waendesha pikipiki wote kwenye orodha hiyo, wawe wanatuletea habari.

Someni tena ujumbe ule kwa macho ya dereva. Conflit ni neno la redio. Redio ikisema conflit, ni bunduki. Na mtu wa tovuti, anayejua habari za njia zote, anasema usisukume kitu.

Haikupita saa moja, mwendesha pikipiki mwingine akasimama mbele yangu.

"Kaka, kule Kibua iko mbaya."

"Nani anasema?"

"Batu yote. Mpaka Papa Kambale amesimamisha lori. Batu wako wanashuka na magodoro."

Kisha mama mmoja muuza samaki akasema shemeji yake kapiga simu kutoka kule, watu wanaingia porini. Kisha mtu wa tatu. Kanuni ya Deo ilikuwa mashahidi watatu, na mimi nilikuwa nao. Sikujiuliza wamesikia kwa nani. Nikafuta mistari yote miwili, wangu na wa Furaha, nikaandika: Kibua, mapigano, msipite. Nikasukuma. Safari hii mashini haikukataa hata kidogo. Mashini haijui vita.

Furaha alifika kwa miguu kutoka Lushebere, simu mkononi. Hakunisalimia.

"Kaka, nani alikuambia kuko vita kwetu?"

"Batu watatu."

"Fungua historia."

Tukafungua, Deo naye akasogea. Furaha akaweka kidole kwenye kioo.

"Saa moja na nusu, ni miye, daraja iko muzuri. Saa tatu, ni weye, mapigano. Nani alikuambia saa tatu?"

"Mutu wa pikipiki."

"Na yeye alitosha wapi hiyo habari?"

"Kwa Papa Kambale."

"Na Papa Kambale alitosha wapi?" Akaniwekea simu mbele ya pua. Ujumbe wangu. Saa mbili kasorobo. "Mama ananipigia kutoka kule mlimani. Anasema, mwanangu, wanatuambia iko conflit hapa kwetu, hebu uliza ni nani na nani."

Nilitafuta mahali pa kuangalia. Vita yangu ilikuwa imeondoka kwangu, ikazunguka Masisi yote, ikarudi kwangu ikiwa na mashahidi watatu, na mimi nikaipokea kama mgeni.

Nilitaka kuufuta ule mstari usionekane hata kwenye historia. Inawezekana, mnajua. Deo akanishika mkono. "Acha. Tutaurudisha nyuma mbele ya macho ya batu. Kosa yenye jina na saa inafundisha. Kosa yenye kufichwa inazaa." Basi tukaurudisha, na kwenye sababu nikaandika: nilisikia sauti yangu mwenyewe nikadhani ni ya watu. Uko pale mpaka leo. Na tangu siku ile katika kazi yetu hatukusema tena conflit. Tulisema mistari imegongana.

Mstari wa Furaha ukarudi hewani saa sita. Tukaenda kumwambia Papa Kambale, aliyekuwa ameketi kwenye kivuli cha lori lake, familia kumi na mbili zimeketi chini zikimtazama.

"Asubui njia iko muzuri," akasema. "Saa mbili conflit. Saa tatu mapigano. Saa sita iko muzuri tena. Hiyo ni vita gani, inafanya kazi nusu siku?"

"Papa, ile conflit ilikuwa ya mashini."

"Mashini inapigana na nani?"

"Na... ni maneno mbili ndani yake."

"Kijana. Niko na famille kumi na mbili juu ya roho yangu. Siamini mashini. Mama ya huyu dada naye anataka mutoto wake, siwezi kumuamini. Weye ulileta hii vita, wende kule. Ulale. Ukishalala, andika na jina yako. Muntu hawezi kulala mahali kuko vita. Nangoja siku tatu, kisha napakia kitu ingine."

Furaha alinipa kompyuta yake ndogo, akaniangalia jinsi ninavyoifunga kwenye nailoni, akaifungua, akaifunga upya mwenyewe.

Pikipiki ilinifikisha Nyabiondo, ikakataa kuendelea. Dereva alisema kule mbele kuna vita. Nikashika njia kwa miguu. Na mnajua kilichonichekesha na kunitoa jasho? Kila kijiji walinionya, na kila kijiji vita ilikuwa imekua. Pa kwanza walikuwa watu wachache wenye bunduki. Pa pili walikuwa na mizinga. Pa tatu mzee mmoja alisema ameisikia kwa masikio yake, akaniigiza na mlio. Baba wa vita hiyo alikuwa mimi, nikiitembelea na mkoba mgongoni. Kila mahali niliketi nikawaeleza, na kila mahali waliniangalia kama mtu aliyepoteza akili, lakini wakanipa ndizi.

Siku ya pili mchana nikafika kwenye daraja. Magogo mapya, bado yanatoa utomvu. Niliruka juu yake, nikapima upana kwa hatua, nikalala kifudifudi kuangalia chini yake, nikaandika kila kitu. Kisha Kibua.

Milango ilikuwa imefungwa na kuku wanatembea peke yao katikati ya njia. Mbele ya nyumba moja tu moshi ulipanda, na mama mmoja alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Hodi, Mama. Natafuta Mama Nyota."

"Njo miye." Hakuacha kutwanga. "Na weye uko wa upande gani mu ile conflit yetu?"

Nikamwambia yote. Mstari wangu, mstari wa binti yake, ujumbe, lori, Papa Kambale. Mchi ulipanda na kushuka mpaka nikamaliza.

"Basi njo weye ulitia batu yote mu pori."

"Njo miye, Mama."

"Miye nilibaki niwashe moto. Wako kule juu ya kilima, wanaona moshi yangu. Wakiona napika mpaka jioni bila kukimbia, watarudi. Kisha utasimama hapa, uwaambie mwenyewe, moja moja."

"Nitawaambia. Lakini kwanza, Mama, naomba mahali pa kulala."

"Jioni nitakuonyesha."

"Apana, Mama. Sasa."

Mchi ukasimama. Ilikuwa saa tisa, jua kali. "Uko mugonjwa?"

"Siko mugonjwa. Nimetumwa kulala."

Nilipomweleza masharti ya Papa Kambale aliketi kwenye ukingo wa kinu, akacheka polepole, mabega yakitikisika, akajipangusa macho kwa kitenge. Akanipeleka ndani. Chumba kilikuwa kimefagiwa, kitanda cha Furaha kina mkeka mpya, na chini yake kikapu cha mbegu za maharage. Nikalala na viatu nje ya mlango, kama mtu anayefanya kazi ya serikali. Nililala kweli, nawaapia. Miguu ilikuwa imechoka kuliko aibu.

Nilipoamka nilipanda mlimani na ile kompyuta. Watu wa porini walikuwa wakishuka mmoja mmoja na vifurushi vyao, wakinitazama bila kujua bado kwamba ni mimi. Nikaandika: Kibua, hakuna mapigano, daraja jipya linapita lori, upana hatua sita, nimelala hapa. Jina langu. Sababu: nimeona kwa macho, na kwa kulala. Nikavuta kwanza. Hakuna mstari uliogongana. Nikasukuma, ikaenda, kisha nikampigia Papa Kambale.

"Umelala?"

"Nimelala, Papa."

"Masaa ngapi?"

"Moja na nusu."

"Kwa nani?"

"Kwa Mama Nyota. Kwenye kitanda alichomutandikia Furaha."

Kisha nikasikia simu imeshushwa na sauti yake inaita, mbali na kubwa, wapandishe magodoro, kuku juu, watoto mbele.

Nilishuka mbio kumwambia Mama Nyota. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na mkoba wangu, akauweka kwenye mlango wa jiko.

"Kile kitanda kiko na mwenyewe," akasema. "Weye utalala huku na mbuzi."

Nikaingia, nikauweka mkoba juu ya kuni, nikamwomba mbuzi asogee kidogo.